MUNGU, ZIMWI NA MUMIANI: JE, KUAMINI NI KULEKULE?

Tunaendelea na mfululizo wetu wa historia, imani na afya. Leo tuchukue swali ambalo watoto wa miaka sita, saba hivi hawachoki kuuliza: "Mama, ulisema zimwi halipo, mbona hatulioni. Na Mungu je? Si naye hatumwoni?"

Wengi wetu tunamwambia mtoto anyamaze. Lakini jamani, mtoto kauliza swali la maana. Hebu tulijibu kwa historia ya huku kwetu.

Tuanze na jina. Waarusha, kama ndugu zao Wamasai, humwita Mungu Engai, na neno hilohilo ni mvua na ni mbingu. Jirani zetu Wachaga husema Ruwa, neno ambalo pia ni jua. Mkoani kwetu kuna Oldoinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu, na mpaka leo watu huenda kule kuomba mvua na kuomba watoto.

Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa hapa Meru. Wajerumani walilipiza kisasi kikali. Misheni ilirudi mwaka 1902 ikajenga Nkoaranga, na miaka miwili baadaye ikaanza Ilboru. Wageni hawa walikuja na kitabu kipya na ibada mpya. Lakini Wamasai walipopata Biblia kwa lugha yao, Mungu aliandikwa kwa jina lake la zamani, Enkai. Mafundisho yalibadilika, jina likabaki.

Kwa nini lilibaki? Kwa sababu jina lile lilikuwa na kazi nyingi. Kwa jina hilo wazee walibariki watoto, watu walishukuru, waliapa, waliomba mvua. Sasa niambie, nani aliwahi kumbariki mwanawe kwa jina la zimwi? Nani ataliapia mahakamani? Zimwi hatudaiani nalo kitu. Kazi yake ni kumtisha mtoto asizurure usiku, na hadithi ikiisha, nalo limeisha.

Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza. Anayemwamini Mungu anajiona ana wajibu: kushukuru, kutubu, kutunza mjane, kuwa mkweli. Anayeamini zimwi anaogopa tu.

Tofauti ya pili: zimwi likiwa chini ya kitanda, unawasha tochi, unaangalia, halipo, mtoto analala. Lakini Lengai umepandwa na wataalamu wa volkano miaka na miaka, na mwaka 2007 ulilipuka tena wakaenda kuuchunguza. Hakuna muumini aliyesema, "Basi, wamefika kileleni hawakumkuta, hayupo." Hakuwa anamaanisha kwamba Mungu amekaa pale kama chui pangoni.

Asiyeamini atasema, "Si mmemweka mahali pasipochunguzika!" Ni hoja nzito, na watu wenye akili wamebishana juu yake karne nyingi. Mimi siimalizi hapa. Ninachosema ni kwamba haya ni madai ya aina mbili, na hayapimwi kwa tochi moja.

Sasa tuje kwa mumiani, maana huyu anatuhusu sana sisi wa hospitali. Neno lina asili ya Kiajemi. Lilikuwa jina la dawa nyeusi kama gundi iliyouzwa pwani kwa ajili ya mifupa iliyovunjika, na watu wakaamini ni damu iliyokauka. Wakati wa ukoloni mumiani akawa mtu anayekamata watu na kuwanyonya damu. Nairobi na Kampala waliwashuku hata wazimamoto. Februari 1959, Buguruni, Dar es Salaam, askari polisi aliuawa kwenye ghasia za mumiani. Na msidhani ni mambo ya kale. Mwaka 2017 huko Malawi watu walioshukiwa kunyonya damu waliuawa na makundi ya wananchi, mpaka Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake wilaya za Mulanje na Phalombe.

Wale watu wa Buguruni waliamini kwa moyo wote. Kwa hiyo nguvu ya imani siyo tofauti. Mumiani ni dai kuhusu damu, mtu na mahali. Linachunguzika, na lisipochunguzwa linaua.

Tusijidanganye lakini, hata jina la Mungu limeshatumika kuumiza watu. Tena kuna wakati dai linavaa jina la Mungu huku linahusu mwili kabisa. Mnakumbuka mwaka 2011, kikombe cha Babu wa Loliondo? Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, pale Samunge, alitoa dawa kwa shilingi 500 akisema ameoteshwa na Mungu. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi. Wapo walioacha dawa zao, wapo waliotolewa wodini, na wapo waliofia foleni. Kama Mungu alisema naye au hakusema, hilo nesi hana kipimo chake. Lakini kama kisukari kimepona, kipimo ninacho. Ukiambiwa "umeponywa, acha dawa", njoo tupime kwanza. Kupima siyo kukosa imani.

Na damu vilevile. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni moja ya sababu kubwa za vifo vya kina mama. Mama wa namna hiyo anahitaji damu ndani ya dakika, na hakuna kiwanda kinachoitengeneza. Inatoka kwa baba, shangazi, jirani. Ukichangia unatoa kama mililita 450 tu, na mtu mzima ana lita nne mpaka tano. Ukiwa na hofu kwamba inapelekwa kusikojulikana, uliza: inapimwa wapi, inatunzwa wapi, anapewa nani. Una haki ya kujibiwa.

Basi mtoto akiuliza tena, usimfokee. Mwambie: "Zimwi tumelitafuta, halipo. Mungu hatumtafuti kwa tochi. Sisi nyumbani kwetu tunamwamini hivi, na ndiyo maana tunaishi hivi." Kama nyumbani kwenu hamwamini, mwambie hivyo pia, kwa upole, na umweleze kwa nini jirani anasali.

Andikeni hapo chini watoto wenu wameuliza nini, sehemu ijayo nitachukua maswali matatu. Usiku mwema, na mwenye kichanga alale kidogo kikilala.