Mti Usiojikinga: Historia ya Mbao za Kijani za Nyanda za Juu Kusini

Ukiingia Mafinga kwa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, mbao ndizo zinazokupokea. Zimepangwa kando ya lami, mbili kwa nne na moja kwa nane, nyingine nyeupe, nyingine zina rangi ya kijani iliyofifia. Hizo za kijani zimetiwa dawa, na bei yake iko juu. Wenye kujenga Iringa na Mbeya huzitaka kwa kenchi, kwa uzio, kwa vibanda na kwa kila ubao utakaokaa nje.

Rangi hiyo inasimulia mabadiliko makubwa yaliyotokea katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Wazee wa nyanda hizi waliuendea msituni mti unaojikinga wenyewe. Sisi tumepanda mti ambao lazima ukingwe, na mzigo wa kuujua ubao umetoka kwa fundi ukaenda kiwandani.

Moshi, paa la nyasi na mninga

Nyanda za Juu Kusini hazina mvua moja. Iringa mjini hupata kama milimita 600 hadi 700 kwa mwaka, ilhali Tukuyu huvuka 2,000. Ujenzi ulifuata tofauti hiyo. Wahehe, katika upande mkavu, walijenga tembe, nyumba ya nguzo na boriti zilizobeba paa bapa la udongo. Tembe hiyo ingehamishiwa Rungwe isingemaliza masika. Huko Wanyakyusa walijenga kwa mianzi na kuezeka kwa nyasi nene, paa likishuka chini ili matone yadondoke mbali na ukuta. Joseph Thomson, Mskoti aliyefika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliandika kwa kuvutiwa sana na usafi na ufundi wa vijiji hivyo.

Ndani ya nyumba moto uliwaka kila siku. Joto lilikausha mianzi na moshi uliipaka masizi ambayo wadudu watoboao mbao hawayapendi. Paa lilizuia maji, moshi ukazuia mdudu.

Palipohitajika ubao wa kukaa miaka mingi, jibu lilikuwa aina ya mti. Miombo ya Chunya na ya upande wa Ruaha ilikuwa na mninga, ambao kiini chake kimejaa kemikali za asili zinazowachukiza mchwa na kuvu wa kuozesha. Mvule nao una sifa hiyo. Mwaka 1967 J. M. Bryce wa Idara ya Misitu, Moshi, alitoa kitabu kuhusu mbao za biashara za Tanzania, akieleza mti kwa mti upi hudumu na upi huoza upesi. Fundi mzoefu wa Iringa au Mbeya hakuhitaji kitabu kujua hilo. Aliutambua mninga kwa rangi, kwa harufu na kwa jinsi ulivyoitikia randa.

Paini inafika

Tatizo la mninga ni muda. Mti huo huhitaji miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa, nao hukatwa kwa asubuhi moja. Serikali ya kikoloni, na baadaye ya Tanzania huru, ilitafuta mti wa haraka. Majaribio ya Sao Hill, Mufindi, yalianza mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukashika kasi kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980, ukisaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia. Mti uliotawala ni paini, au msindano, hasa aina ya Pinus patula ambayo asili yake ni Mexico. Mbeya nayo ikapata mashamba ya Kawetire na Kiwira. Njombe, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Iringa hadi 2012, ilikuwa imeanza kupanda miwati mwaka 1949 chini ya Tanganyika Wattle Company, kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi.

Viwanda vilifuata miti. Miaka ya 1970 Norway ilisaidia kujenga kiwanda cha kupasua mbao Sao Hill, na mwaka 1985 kiwanda cha karatasi cha Mgololo kikafunguliwa. Leo Sao Hill ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini.

Paini hunyooka, hupasuka vizuri na huvunwa ikiwa na miaka ishirini na kitu. Lakini mbao yake nyeupe haina kinga. Ikigusa udongo wenye unyevu, mchwa na kuvu huimaliza ndani ya miaka michache. Nchi ilikuwa imepata mbao kwa wingi, ikabaki kutafuta dawa.

Dawa ya Bethell na ya Kamesam

Dawa zilikwisha kugunduliwa kwingine. Mwaka 1838 Mwingereza John Bethell alipata hataza ya kutia mbao kriosoti, mafuta meusi yatokanayo na lami ya makaa ya mawe, ndani ya mtungi wa chuma uliofungwa. Reli za dunia zilisimama juu ya mataruma yaliyotiwa dawa hiyo. Mwaka 1933 mwanasayansi wa India, Sonti Kamesam, akifanya kazi katika taasisi ya misitu ya Dehra Dun, alichanganya shaba, kromiamu na aseniki katika maji. Shaba huua kuvu, aseniki huua wadudu, na kromiamu huzishika zote mbili ndani ya ubao zisioshwe na mvua. Shaba na kromiamu ndizo zinazoacha ule ukijani.

Mtungi bado ni ule ule wa Bethell. Mbao zilizokaushwa huingizwa ndani, pampu hunyonya hewa iliyomo kwenye vinyweleo vyake, kisha dawa husukumwa kwa shinikizo kubwa hadi ndani. Ubao mbichi haufai, kwa kuwa maji yake yameziba njia.

Umeme ndio uliozipa kazi nyingi mitungi ya Iringa na Njombe. Baada ya Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005, nguzo zilihitajika kwa wingi, nyingi zikiwa za mlingoti, yaani mkaratusi. Kiini cha mlingoti hakinywi dawa. Inayonywa ni ile pete ya nje tu, hivyo pete hiyo ikichongwa au ikipasuka, nguzo imefunguliwa mlango.

Kijani cha juu juu

Bei ya mbao ilipopanda, wananchi wa Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete walipanda mashamba yao wenyewe, na mashine ndogo za kupasulia, zile wanazoziita dingdong, zikasambaa vijijini. Wengi huvuna mapema, kabla ya miaka kumi na tano, kwa sababu ada za shule hazingoji. Mbao ya mti mchanga hujipinda upesi.

Hapo ndipo rangi ilipoanza kudanganya. Ubao uliochovywa kwenye pipa na ule uliopita kwenye mtungi hufanana kwa macho. Wa kwanza umepakwa ngozi tu. Ukikatwa au ukipigwa msumari, weupe wake uko wazi. Wasio na uwezo hupaka oili chafu ya magari, ambayo huwachelewesha mchwa kwa muda lakini hukataa rangi na kuchafua udongo.

Dawa yenyewe nayo ina sumu. Viwanda vya Marekani viliacha kuitumia kwa mbao nyingi za majumbani mwishoni mwa 2003, na Umoja wa Ulaya ukaiwekea mipaka mwaka 2004. Vipande vyake visitiwe jikoni hata kidogo: moshi wake na majivu yake yana aseniki.

Jambo la pili ambalo ukijani hausemi ni kwamba dawa hii haizuii maji. Inazuia kuoza. Ubao wenye dawa bado hunywa mvua kuanzia Novemba hadi Aprili na hukauka kwa upepo wa Juni hadi Agosti, ukivimba na kusinyaa hadi upasuke. Mwinuko wa mita 1,600 na zaidi huongeza ukali wa jua linalogeuza uso wa mbao kuwa wa kijivu. Mafundi wa bodi za malori wanalijua hili: huacha nafasi kati ya ubao na ubao maji yapite, hufunga kwa bolti kwa sababu mtikisiko hulegeza misumari, na hupaka rangi kwanza kwenye ncha zilizokatwa, maana huko ndiko ubao hunywa maji kwa kasi kuliko ubavuni. Kibanda, tela au ukuta wa mbao unahitaji hayo yote, pamoja na paa lililotokeza kama la Rungwe ya zamani.

Mnunuzi wa nguzo hujilinda: nguzo hugongwa alama ya kiwanda na mwaka, na kundi zima huweza kupimwa kabla ya kupokewa. Mnunuzi wa mbao mbili kwa nne anaachiwa rangi tu. Hadi ubao nao utakapopata alama yake, kipimo kilichopo ni msumeno. Mwombe muuzaji akate paini mbele yako, mbali na ncha. Kama ndani ni nyeupe, usilipe bei ya mtungi.