Adui Aliyevuka Bahari Ndani ya Kifaranga

Ndugu wasikilizaji, na hasa ndugu askari mlioko katika malindo ya mipakani, adui aliyeingia Norwei mwaka 1985 hakuwa na silaha. Alikuja ndani ya miili ya vifaranga vya samoni vilivyonunuliwa kwa jirani, Scotland, ng'ambo ya bahari. Adui huyo ni bakteria wa furunkulosi, ugonjwa utoao majipu katika mwili wa samaki, ambao wataalamu wa Ujerumani waliueleza tangu mwaka 1894.

Wakati huo wafugaji wa Norwei walikuwa tayari wamo vitani. Maradhi yaliyopewa jina la kisiwa cha Hitra yalikuwa yakiua samoni katika vizimba vya baharini majira ya baridi. Silaha waliyoitegemea ni dawa za antibiotiki zilizochanganywa na chakula. Mwaka 1987 zilitumika karibu tani 50, yaani takriban kilo 1 ya dawa kwa kila tani 1 ya samoni waliovunwa. Lakini samaki mgonjwa hali, na asiyekula hapati dawa; nao bakteria walionusurika huizoea.

Ajabu ni kwamba wazo la chanjo lilikuwa la zamani. Mwaka 1942, huko British Columbia, Kanada, mtaalamu D.C.B. Duff aliwalisha trauti bakteria waliokwisha kuuawa, na trauti hao wakahimili furunkulosi kuliko wenzao. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja dawa mpya, na chanjo ikawekwa kando. Tusiwalaumu mno: ni askari gani atakayeendelea kuchimba handaki akiisha kuambiwa kwamba kombora jipya litamaliza kila kitu?

Ugonjwa wa Hitra ulidhibitiwa kwa chanjo mwishoni mwa miaka ya 1980. Furunkulosi ilikuwa sugu zaidi. Kuwachovya samaki katika maji yenye chanjo hakukutosha, na kufikia mwaka 1992 mamia ya mashamba yalikuwa yameambukizwa. Ndipo ikatumika chanjo iliyotiwa mafuta, ya kudungwa tumboni, mafuta hayo yakiiachia polepole mwilini. Samaki mmoja mmoja hulevywa kwa dawa ya usingizi, hudungwa, kisha hurudishwa majini kabla ya kupelekwa baharini. Nao ni mamilioni. Aliyepanga foleni ya sindano depo anaifahamu shughuli hiyo. Madhara hayakukosekana: viungo vya tumboni viligandamana kwa makovu, na baadhi ya samaki wakadumaa. Hata hivyo, katikati ya miaka ya 1990 antibiotiki zilikuwa zimeshuka hadi tani chache tu. Mwaka 2020, Norwei ikivuna samoni zaidi ya tani milioni 1, hazikufika hata tani 1.

Katika Ziwa Viktoria, linalomilikiwa na nchi tatu jirani, sato nao hufugwa katika vizimba. Wana bakteria wao, streptokoka, na chanjo yake imekwisha kutumika Asia. Vifaranga wa sato wakipitishwa Sirari au Mutukula, atakayefungua pipa lao kwanza huenda akawa mmoja wenu.