Maarifa ya Nani? Soko la Utabiri na Tenisi ya Wanawake Mbele ya Sheria ya Uganda

Tarehe 12 Julai 2025, Iga Świątek alimshinda Amanda Anisimova 6-0, 6-0 katika fainali ya Wimbledon kwa muda wa dakika 57. Fainali ya wanawake ya mashindano hayo haikuwahi kumalizika hivyo tangu 1911. Mwanzoni mwa mwaka huohuo kampuni ya Kalshi ya Marekani ilikuwa imeanza kuuza mikataba ya michezo, ikijieleza kuwa ni soko la fedha na si kampuni ya kubeti. Mkataba wenyewe ni mwepesi kuelewa: mchezaji uliyemchagua akishinda unalipwa dola 1, akishindwa hupati kitu. Ukiuzwa kwa senti 62, watetezi wake hukwambia kwamba hilo si dau. Ni makisio ya umma kuwa uwezekano wa mchezaji huyo kushinda ni asilimia 62. Kijana wa Wandegeya, Kampala, aliyezoea kupanga mkeka wake kibandani angecheka, na nadhani kicheko chake kina hoja. Lakini pingamizi langu halihusu jina tu. Hata tukikubali kwamba soko hili hukusanya maarifa kweli, kwenye mechi ya tenisi sifa hiyohiyo ndiyo inayoleta madhara.

Nadharia inayotumika kulitetea ni ya heshima. Mwanauchumi Friedrich Hayek alieleza mwaka 1945 jinsi bei inavyounganisha maarifa yaliyotawanyika kwa watu wengi, na tangu 1988 Chuo Kikuu cha Iowa kimeendesha soko dogo la utabiri wa uchaguzi kwa ajili ya utafiti. Matokeo ya uchaguzi yanawahusu mamilioni, na maarifa juu yake yamo vichwani mwa mamilioni. Tenisi ya mmoja kwa mmoja haiko hivyo. Viwango vya wachezaji na rekodi zao kila mtu anavijua. Kinachobaki nje ya bei ni kifundo cha mkono kilichoanza kuuma jana usiku, au makubaliano ya siri ya kupoteza seti ya pili. Hayo hayakutawanyika. Yamo katika mwili wa mtu mmoja, labda na kwa kocha wake. Mchezaji huyo hana mwenzake wa timu wa kumshuku wala wa kumzuia. Soko linalomlipa vizuri mwenye habari asiyo nayo mwingine, hapa linamlipa mchezaji mwenyewe au aliyemnunua.

Hatari hiyo si ya kubuni. Jopo huru la kuchunguza uadilifu katika tenisi, lililoongozwa na mwanasheria Adam Lewis, lililotoa ripoti yake ya mwisho Desemba 2018, lilikadiria kuwa kati ya wachezaji wapatao 15,000 wanaojiita wa kulipwa, ni 250 hadi 350 tu ambao mapato yao yanafikia gharama zao. Katika mashindano ya wanawake ya daraja la W15, dola 15,000 ndizo zawadi zote kwa jumla, na anayetolewa raundi ya kwanza hapati hata dola 200. Hiyo ndiyo ngazi ambayo binti wa Afrika Mashariki hana budi kuipanda; hata Angella Okutoyi wa Kenya, bingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili-wawili mwaka 2022, taji hilo halikumvusha moja kwa moja hadi kwenye mashindano makubwa. Kusema hivi si kuwatuhumu wachezaji. Ni kuonyesha kwamba nauli ya ndege anayoihitaji mchezaji inaweza kuwa ndogo kuliko faida ya mwekezaji mmoja mwenye habari. Na asiyekubali kununuliwa huumizwa vilevile. Uchunguzi wa mashirika ya tenisi ya WTA na ITF kuhusu mwaka 2024 ulikuta ujumbe wa matusi na vitisho wapata 8,000 kwa wachezaji mitandaoni, na asilimia 40 ulitoka kwa wacheza kamari wenye hasira.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya hoja yangu linatoka Sopot, Poland. Agosti 2007, Nikolay Davydenko alishinda seti ya kwanza dhidi ya Martín Vassallo Argüello, lakini fedha zikazidi kumiminika upande wa mpinzani wake hadi Davydenko alipojitoa kwa jeraha. Betfair, soko ambamo wateja hubetiana wao kwa wao, lilifuta dau zote. Wachezaji wote wawili walisafishwa baada ya uchunguzi, ila watetezi wana haki ya kusema kwamba bei iliyo wazi ndiyo iliyopiga kengele. Nakubali, kwa sharti moja: Betfair iliwajua wateja wake kwa majina na ilikuwa na uwezo wa kusimamisha malipo. Soko linaloendeshwa kwa sarafu za kidijitali na pochi zisizo na majina litapiga kengele hiyohiyo, bila mtu wa kukamatwa.

Wengine watauliza kwa nini Kampala ijisumbue, ilhali vibanda vya kubeti vimejaa na simu haina mpaka. Jibu liko katika Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016, inayomzuia mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Kijana wa miaka 18 anaweza kumchagua rais, ila hawezi kuweka dau. Mtu anaweza kubishana na umri huo (kwangu ni mkubwa mno), lakini ukiita mkataba wa mechi bidhaa ya fedha, kizuizi hicho kinaweza kukwepwa bila Bunge kuulizwa. Ni kweli kwamba katazo halitamzuia kila mwenye simu. Hata hivyo, kampuni itakayotaka kupokea shilingi kwa njia ya fedha za simu itahitaji idhini hapa nchini, na hapo ndipo bodi ya udhibiti wa michezo ya kubahatisha ina nguvu. Si lazima izuie fainali ya Wimbledon, ambayo wachezaji wake wana mengi ya kupoteza. Jopo la 2018 lilipendekeza kusitishwa kwa uuzaji wa matokeo ya moja kwa moja katika daraja la dola 15,000. Sharti la kwanza la leseni linaweza kuwa hilohilo, kwamba mechi za daraja hilo zisiwekewe bei kabisa.