Tegu wa Uvimbe wa Maji

Tegu wa uvimbe wa maji, ambaye wanasayansi humwita Echinococcus granulosus, ni mnyoo anayeishi katika utumbo mwembamba wa mbwa na jamaa zake wa porini. Kwa kipimo cha tegu ni mdogo ajabu. Tegu wa ng'ombe hufikia mita kadhaa ndani ya tumbo la mtu, lakini huyu kwa kawaida hazidi milimita 7, pingili zake tatu au nne tu. Mbwa mmoja anaweza kubeba maelfu yake bila kukonda.

Mayai hutoka na kinyesi cha mbwa na kuangukia majani, udongo na maji. Kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia akiyameza, lava hutoboa ukuta wa utumbo, husafiri na damu na kukwama, mara nyingi katika ini au mapafu. Hapo hujenga kifuko chenye maji, na ndani yake huota vichwa vya tegu wapya. Mbwa akila ini lenye kifuko hicho, vichwa hujishikiza utumboni mwake, na baada ya wiki sita hivi mayai huanza kutoka tena. Mtu naye huambukizwa kwa kumeza mayai yatokayo kwa mbwa, wala si kwa kula nyama. Nyama yenye vifuko humdhuru mtu kwa kupitia mbwa aliyeila.

Wanyama wa porini wamo katika mzunguko huu. Mwaka 1963 George Nelson na Robert Rausch walieleza maambukizi nchini Kenya katika mbwa mwitu, mbweha na fisi, na simba wa Afrika ana tegu wake wa karibu, Echinococcus felidis. Hata hivyo lawama zisielekezwe porini. Fisi hunya mbali na watu. Mbwa wa boma hulala kibandani, hunywa kisimani na hulamba vyombo.

Hakuna mahali panapoonyesha hayo kama Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ambako viwango vya ugonjwa vilivyorekodiwa katika karne ya 20 vilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Jua la huko huua mayai haraka, lakini kivuli cha kibanda na unyevu wa kisima huyahifadhi. Maji ni haba, kwa hiyo mbwa walitumiwa kumsafisha mtoto mchanga kwa kumlamba anapojisaidia au kutapika. Ni utaratibu uliozaliwa na ukame, na anayeulaumu ampelekee mama wa mtoto huyo maji kwanza. Wanawake, walio karibu zaidi na mbwa na shughuli za nyumbani, waliugua kuliko wanaume.

Kifuko hukua polepole, pengine kwa miaka mingi bila maumivu, hadi tumbo livimbe au pumzi ibane. Kikipasuka, maji yake yanaweza kuleta mshtuko wa mzio unaoua, au kupanda vifuko vipya mwilini. Kipimo cha mawimbi ya sauti, yaani ultrasaundi, ndicho kilichowezesha kuwapima watu wengi vijijini. Matibabu hutegemea hatua ya kifuko: upasuaji, dawa ya albendazole, au kukinyonya kwa sindano na kuingiza kemikali inayoua vichwa. Kifuko kilichokwisha kukauka chenyewe huachwa, kikifuatiliwa.

Ugonjwa huu unaweza kung'olewa. Iceland iliwahi kuathirika vibaya; kuanzia miaka ya 1860, baada ya kazi ya daktari wa mifugo Harald Krabbe, watu walifundishwa kutowapa mbwa matumbo ya kondoo, mbwa wakawekewa sheria, na leo ugonjwa haupo tena nchini humo. Lakini kile ni kisiwa. Shirika la AMREF lilipoanzisha mpango wake Turkana mwaka 1983, lilikutana na wafugaji wanaohama na mifugo na mbwa wao, kuvuka hata mipaka ya Uganda, Sudan Kusini ya leo na Ethiopia. Dawa ya mbwa, praziquantel, huua tegu lakini haimkingi mbwa asiambukizwe upya. Ikiwa mayai huanza kutoka baada ya wiki sita, dawa nayo inapaswa kurudiwa kwa mwendo huo, na mtoa dawa hana budi kufuata njia za malisho.