Barabara ya Umma, Shauku ya Watu: Nürburgring na Historia ya Magari ya Spoti ya Kale Nchini Ujerumani, 1925–2014

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya barabara ya mbio ya Nürburgring, iliyoko katika vilima vya Eifel, magharibi mwa Ujerumani, tangu ujenzi wake ulipoanza mwaka 1925 hadi ilipouzwa mwaka 2014. Hoja kuu ni kwamba baada ya mbio za Formula One kuondoka katika sehemu kongwe ya barabara hiyo mwaka 1976, kilichoidumisha ni matumizi ya madereva wa kawaida na wapenzi wa magari ya kale, na kwamba hasara kubwa iliyofuata ilitokana na mamlaka kuupuuza msingi huo.

Utangulizi

Historia ya magari ya spoti ya Ujerumani huandikwa mara nyingi kama historia ya viwanda na wahandisi. Majina ya Ferdinand Porsche na mwanawe Ferry hutawala masimulizi, yakifuatiwa na orodha za ushindi. Mahali pa kuyaendeshea magari hayo hupewa nafasi ndogo, ilhali gari lililoundwa kukata kona kwa kasi humpa mwenyewe nusu tu ya thamani yake ikiwa hana pa kukatia kona hizo kihalali. Nürburgring iliwapa Wajerumani mahali hapo, na iliwapa kwa fedha za umma. Kwa hiyo, swali la nani aimiliki barabara hiyo na nani aruhusiwe kuitumia limekuwa swali la sera kwa takriban miaka 100.

Barabara iliyojengwa ili kutoa ajira

Katika miaka ya 1920 Eifel ilikuwa miongoni mwa sehemu maskini za Ujerumani. Ardhi yake ni ya mwinuko, majira ya baridi ni marefu, na viwanda vilikuwa vichache. Otto Creutz, mkuu wa wilaya ya Adenau, aliona katika barabara ya mbio njia ya kuwapatia kazi watu wasio na ajira na kuwavuta wageni. Serikali ilikubali kugharimia mradi huo kama kazi ya umma ya kupunguza ukosefu wa ajira. Jiwe la msingi liliwekwa Septemba 1925, maelfu ya vibarua wakaajiriwa, na barabara ikafunguliwa Juni 1927. Mshindi wa mbio za kwanza za magari alikuwa Rudolf Caracciola, akiendesha Mercedes-Benz.

Barabara nzima ilikuwa na urefu wa kilomita 28 hivi. Sehemu ya kaskazini, Nordschleife, ilikuwa na takriban kilomita 22.8, ikipanda na kushuka kwa tofauti ya kimo cha mita 300 hivi katikati ya misitu. Lakini uamuzi uliokuwa na matokeo ya kudumu zaidi ulikuwa wa kiutawala. Tangu mwanzo, katika siku zisizo na mashindano, barabara ilifunguliwa kwa umma kama njia ya kulipia iendayo upande mmoja. Mwenye gari alilipa ada langoni na kuingia. Hivyo karani au muuza duka aliyemudu gari aliweza kupita katika kona zilezile alizopita Caracciola. Utaratibu huo ungali unafuatwa, na sheria za kawaida za usalama barabarani hutumika humo. Kushindana na kupima muda wa mzunguko ni marufuku katika saa za umma, na anayeharibu kingo za barabara hudaiwa gharama za kuzitengeneza.

Hatari na kuondoka kwa Formula One

Baada ya Vita Kuu ya Pili, magari yaliendelea kuongeza kasi huku barabara ikibaki ileile. Jackie Stewart, dereva kutoka Scotland aliyeshinda hapo mwaka 1968 katika mvua na ukungu mzito, aliiita Jehanamu ya Kijani. Mwaka 1970 madereva walikataa kushindana hapo, na mbio za Ujerumani zikahamishiwa Hockenheim hadi marekebisho yalipofanywa. Hata hivyo, kasoro moja haikuweza kurekebishwa: barabara yenye urefu wa zaidi ya kilomita 20 haiwezi kujazwa waokoaji kila mahali. Tarehe 1 Agosti 1976 gari la Niki Lauda lilishika moto, na waliomtoa katika miali walikuwa madereva wenzake. Formula One haikurudi tena Nordschleife. Mwaka 1984 ilifunguliwa barabara mpya, fupi na salama zaidi, kando yake.

Kwa mantiki ya kibiashara, barabara kongwe ilipaswa kufa wakati huo. Haikufa. Mbio za saa 24, zilizoanza mwaka 1970 na kuwapa nafasi madereva wasio wa kulipwa, ziliendelea. Viwanda vilizidi kuitumia kwa majaribio ya breki na mifumo ya magurudumu. Nao madereva wa kawaida waliendelea kufika jioni na mwisho wa wiki, wakilipa mzunguko baada ya mzunguko. Ondoko la mashindano makubwa lilidhihirisha wateja wa kudumu wa barabara hiyo walikuwa nani.

Gari la kale kama urithi

Miongoni mwa magari yaliyopendwa zaidi na wateja hao ni Porsche 911, lililoonyeshwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963. Injini yake, iliyopozwa kwa hewa hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, imekaa nyuma ya magurudumu ya nyuma. Mpangilio huo huyapa magurudumu hayo mshiko mzuri wakati wa kuongeza kasi, lakini humwadhibu dereva anayeachia mafuta ghafla katikati ya kona, kwa kuwa uzito wa nyuma hutaka kulizungusha gari. Kuliendesha vyema ni ujuzi wa kujifunza, na ujuzi hujenga jumuiya. Chama cha kwanza cha wenye magari ya Porsche kilianzishwa Westfalen mwaka 1952, enzi za modeli ya 356, na kuanzia mwaka 1973 Nürburgring imekuwa na tamasha maalumu la mbio za magari ya kale.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa namna gari linavyobadilika kutoka chombo cha ushindani kuwa urithi. Katika Safari Rally, Porsche 911 ilimaliza ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978, lakini haikuwahi kushinda katika enzi hizo. Björn Waldegård wa Sweden, aliyekuwa wa pili mwaka 1974, alishinda akiwa na 911 mwaka 2011 katika East African Safari Classic Rally, mashindano ya magari ya kale. Kilichokosekana enzi gari lilipokuwa jipya kilipatikana lilipokuwa kumbukumbu.

Nchini Ujerumani dola iliitambua kumbukumbu hiyo kisheria. Tangu mwaka 1997, gari lenye umri wa miaka 30 au zaidi, lililotunzwa vizuri na kubaki karibu na hali yake ya awali, laweza kupewa namba ya usajili yenye herufi H baada ya kukaguliwa na mtaalamu. Mmiliki hulipa kodi moja ya euro 191.73 kwa mwaka bila kujali ukubwa wa injini, na gari huruhusiwa kuingia katika maeneo ya miji yanayozuia magari yenye moshi mwingi. Nafuu hii ina upinzani wake. Faida huwa kubwa kwa mwenye injini kubwa, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kikubwa, na moshi wa gari la kale hauwi safi kwa kuitwa urithi. Watetezi hujibu kwamba magari hayo huendeshwa kwa nadra na kwamba mafundi wanaoyahudumia hubaki na ujuzi ambao ungetoweka. Pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: urithi unaotembea una gharama, na ni lazima iamuliwe nani azibebe.

Kufilisika na mauzo

Mwanzoni mwa karne ya 21 kampuni ya Nürburgring ilimilikiwa kwa asilimia 90 na jimbo la Rheinland-Pfalz na asilimia 10 na wilaya ya Ahrweiler. Serikali ya jimbo iliamua kuigeuza barabara kuwa kituo cha burudani kwa mwaka mzima, chenye hoteli, maduka, kumbi na treni ya burudani yenye mwendo wa kasi. Gharama zilizidi euro milioni 300. Fedha za wawekezaji binafsi zilizotarajiwa hazikupatikana, na mwaka 2009 waziri wa fedha wa jimbo alijiuzulu. Treni hiyo ilibeba umma kwa siku 4 tu mwaka 2013, kisha ikafungwa.

Kampuni ilikuwa imeshatangaza kufilisika mwaka 2012. Wapenzi wa barabara, waliojiunga katika vyama vya kuitetea, walidai ibaki mikononi mwa umma, na bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kulinda matumizi yake kwa umma. Machi 2014 iliuzwa kwa kampuni binafsi kwa euro milioni 77. Oktoba mwaka huohuo Tume ya Ulaya iliamua kwamba misaada ya serikali ya takriban euro milioni 456 iliyopewa wamiliki wa awali ilikiuka kanuni za ushindani, lakini mnunuzi hakuwajibika kuirudisha. Chama kimoja cha watetezi kilipeleka shauri mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitengua sehemu ya uamuzi huo iliyohusu mauzo.

Hitimisho

Mwaka 1925 dola ilijenga kitu kilichokuwa na wahitaji: vibarua walihitaji kazi, na wenye magari walihitaji barabara. Miaka 80 baadaye, dola ileile iliwajengea wageni wa kufikirika maduka na treni, wakati wageni halisi walikuwa wamesimama langoni na ada mkononi. Barabara ilinusurika kwa sababu lango halikufungwa, na haki ya mwananchi kulipita sasa inategemea sheria zaidi kuliko umiliki. Kwa washauri wa sera wanaopima miradi ya viwanja na turathi katika nchi nyingine, mfano huu unashauri hatua moja kabla ya bajeti yoyote kuandikwa: kuwahesabu wanaokuja tayari, na kuwauliza wanakuja kwa ajili gani.