Upstairs at Eric's: Albamu ya Kwanza ya Yazoo
Upstairs at Eric's ni albamu ya kwanza ya Yazoo, kundi la wanamuziki wawili wa Uingereza, iliyotolewa Agosti 1982 na kampuni ya Mute. Mwaka uliotangulia, Vince Clarke alikuwa ameihama bendi ya Depeche Mode ilipoanza kupata umaarufu. Alimshirikisha Alison Moyet, mwimbaji wa bluzi kutoka mji huohuo wa Basildon. Wakati vinanda vya elektroniki vikishutumiwa kuwa havina hisia, sauti nzito ya Moyet ilivipa uhai. Wimbo wao Only You ulishika nafasi ya 2 nchini humo, na albamu vilevile. Jina la albamu lilitokana na Eric Radcliffe, mwenye studio waliyorekodia London. Mwaka 1983 wawili hao walitengana.