Nipigie Ile ya Fadhili

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Kitengela, upande wa Noonkopir, kwenye choma ambayo mwenyewe aliniajiri kwa maelewano mafupi: kinanda changu, spika zake, zilipendwa hadi saa sita usiku. Nilikuwa nimemaliza "Malaika" na watu wakapiga makofi ya heshima, yale ya mtu mwenye mfupa mkononi. Mzee mmoja aliyekaa karibu na jiko akaniita kwa kidole.

"Kijana," akaniambia, nami nina miaka 58, "hiyo uliyopiga ni ya hoteli. Nipigie ile ya Fadhili."

Nilicheka, lakini jasho lilinitoka. Mimi ni mwana wa Mtaita. Nyumbani kwetu mwimbaji Fadhili William alitajwa kama mjomba aliyehamia mjini akafanikiwa, ingawa hatukuwa na undugu naye hata wa mbali. Kama kuna mtu Kitengela nzima aliyepaswa kuijua ile ya Fadhili, ni mimi. Nikajaribu kuianza, vidole vikarudi vyenyewe kwenye ile ya hoteli: taratibu, tamu, na violini za kinanda zikilia nyuma. Mzee akageukia nyama yake.

Nimezaliwa Magadi. Asiyepajua apige picha ya ziwa lisilo na maji ya kunywa, limeganda juu kama ukoko wa ugali, mahali peupe, mahali pekundu, heroe wamesimama pembeni, na joto linalopita nyuzi 40 bila kuomba ruhusa. Jina lenyewe ni la jikoni. Magadi ni yale yale ambayo mama hutia kwenye maharage magumu yaive upesi, na ambayo wazee husaga pamoja na ugoro. Kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, na reli ikavutwa kutoka Konza kupitia Kajiado hadi ziwani. Brunner Mond waliichukua mwaka 1924, na tangu 2005 iko mikononi mwa Tata wa India. Mji ulikuwa wa kampuni: nyumba, maji, hospitali, klabu. Na kwa kuwa ulikuwa wa kampuni, haukuwa wa kabila moja. Wenyeji ni Wamaasai, lakini kwenye laini zetu za nyumba kulikuwa na Mluo, Mkamba, Mluhya, Mkikuyu, na sisi.

Baba alikuwa fundi wa mitambo. Alikuwa na mashine ya santuri na santuri kama thelathini, na juu ya zote ile ndogo ya Equator, ya "Malaika". Magadi si mahali pa kuweka santuri. Ukiiacha dirishani saa saba mchana, saa nane ina umbo la sahani ya supu. Baba alizifunga kwa kanga chini ya kitanda, mahali penye ubaridi kidogo. Siku moja, nikiwa na miaka saba au minane, niliichukua ile ya "Malaika" bila ruhusa, ikanitoka mkononi, ikapata mkwaruzo. Baba hakunipiga. Aliiweka kwenye mashine akasikiliza. Kabla ya ubeti wa pili sindano iliruka, ikameza midundo miwili, ikaendelea. "Basi," akasema, "itakuwa hivyo."

Historia ya santuri yenyewe ninaijua hivi. Fadhili, aliyezaliwa mwaka 1938, aliwahi kuurekodi wimbo huo na Jambo Boys, kisha akaurudia mwaka 1963 akiwa na Black Shadows katika studio za Equator Sound, Nairobi, chini ya Mwingereza Charles Worrod. Hiyo ya pili ndiyo iliyozunguka Afrika. Equator ilikuwa kama jiko la shule, vyungu vingi mahali pamoja. Humo alikuwemo Daudi Kabaka, wakawemo Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Walipiga twisti, na twisti haikuwa yetu. Ilitoka Marekani ikachanganyika na kwela ya Afrika Kusini, ikakutana na magitaa ya Nairobi. Kwa hiyo hata pale tunapopaita chimbuko, palikuwa pameshapitiwa na wengine.

Kisha wimbo ukatoka nyumbani. Miriam Makeba aliutoa kwenye albamu ya 1965 aliyoimba na Harry Belafonte, iliyoshinda tuzo ya Grammy. Mwaka 1967 ukafika Sweden kwa Hep Stars, bendi ya Benny Andersson kabla hajawa mtu wa ABBA. Boney M wakauchukua mwaka 1981, Angélique Kidjo mwaka 1991. Nimezisikiliza zote kwa wiki moja, kwa hasira ya yule mzee wa choma, nikiwa na vipokea sauti masikioni, mke wangu akinipitia bila kusema neno.

Fadhili hapazi sauti. Anaimba kama mtu anayezungumza na msichana mlangoni, akijua baba mtu yuko ndani. Gitaa linatembea mbele yake kidogo, kama rafiki aliyemsindikiza. Tatizo lake ni la kawaida mno: hana mali ya kuolea. Hajengi msiba juu yake. Makeba anafanya jambo jingine kabisa. Anaupunguza mwendo hadi kila neno linasimama peke yake, na sauti inapopanda unasahau mahari na kufikiria uhamisho, maana wakati huo serikali ya makaburu ilikuwa imemfungia mlango wa kwao. Wimbo wa kijana fukara ukawa wimbo wa mtu asiye na nchi. Sitasema Makeba aliukosea. Ila huwezi kuupiga hivyo kwenye choma, kwa sababu wateja wataacha kutafuna.

Kuna jambo la lugha pia, ambalo Mswahili yeyote analisikia na hakuna anayelilalamikia. Kwetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Makeba na Kidjo ni wanawake, lakini kitenzi walikiacha kilivyo, cha kiume. Mama yangu pia aliuimba hivyo akifua, na hakuwahi kusita. Nadhani anayeimba wimbo wa mwingine anajua amevaa koti la kuazima, wala halipeleki kwa fundi likapunguzwe. Boney M nao waliubeba na mavazi yao ya kumetameta na ngoma za disko. Kijana asiye na pesa akaimbiwa na watu waliong'aa kama duka la vito. Nilicheka peke yangu kwenye kochi.

Daudi Kabaka naye yalimpata. "Helule Helule" yake ilichukuliwa na The Tremeloes wa Uingereza, ikaingia ishirini bora za huko mwaka 1968. Wao waliivuta mbio na kuipigia kelele za furaha. Yeye alikuwa ameipiga kwa utulivu wa mtu anayecheza viatu vyake visichafuke. Kabaka na Fadhili walifariki mwaka mmoja, 2001.

Lakini mimi sikujifunza kopi kutoka kwa Wazungu. Nilijifunza Magadi. Miaka ya themanini palikuwa na bendi ndogo ya wafanyakazi, watu wa zamu, na ratiba ya mazoezi ilifuata zamu za kiwandani. Mpiga solo akiwa zamu ya usiku, Jumamosi hakuna solo. Nyuzi za gitaa hazikudumu, zilishika kutu wiki ya pili. Nilianza kama mbeba spika, nikapewa rithimu mpiga rithimu alipohamishwa. Hatukuwa na wimbo wetu hata mmoja. Tulipiga kopi, na kopi ilikuwa kazi yenye sheria zake. Kopi safi ni ile ambayo mtu akifumba macho anadhani ni santuri. Kama kwenye "Sina Makosa" ya Les Wanyika besi ya Tom Malanga inaingia mahali fulani, ukiingia nusu pumzi baadaye utasikia sauti kutoka meza za nyuma: "Wee!"

Mshahara ukitoka, kila meza ilidai kwao. Wajaluo walitaka D.O. Misiani na Shirati Jazz, Wakamba walitaka Kakai Kilonzo, meza ya wakubwa ikitaka Lingala. Tuliimba lugha tatu nne tusizozijua, kwa kuzikariri kama mtoto anavyokariri sala. Usiku mmoja mwimbaji wetu, Mluo wa Siaya mwenye sauti ya asali, alipanda na "Charonyi ni Wasi" ya Maroon Commandos, bendi ya wanajeshi wa Lang'ata, wimbo wa Kitaita wa mwaka 1977 aliouongoza Habel Kifoto. Wimbo unasema juu ya taabu za kuishi mbali na kwenu. Kila neno alilivunja mguu. Baba alikuwa amekaa karibu na mlango. Nilisubiri ainuke amkosoe, maana alikuwa mtu wa kukosoa. Hakuinuka. Alifuta macho kwa leso, na mpaka leo sijui kama alikuwa akicheka.

Nilimweleza habari hizi rafiki yangu wa Shompole, Mmaasai tuliyesoma naye, nikitaka anisaidie kuamua nani mwenye wimbo. Hakuona swali liko wapi. Kwao olaranyani huanzisha, anatupa wito, wenzake wanamjibu kwa koo. Kesho olaranyani mwingine ataanzisha wimbo huohuo na kuuwekea mambo yake, ng'ombe wake, safari yake. "Ukiniuliza wa nani," akaniambia, "nitakuuliza, leo nani ameanzisha?" Ni jibu zuri, ila halimlipi mtu mrabaha. Chama cha hakimiliki za muziki, MCSK, kipo tangu 1983, na kwenye fomu lazima jina liandikwe kwenye mstari.

Na jina ndilo lililoniumiza. Katika kutafuta ile ya Fadhili nilikutana na Adam Salim, Mtanganyika aliyedai kwamba "Malaika" ni wake, kwamba aliutunga miaka ya arobaini kwa ajili ya msichana aliyempenda, ambaye wazazi walimwoza mtu mwenye mali. Wapo na wengine waliodai, hata wa Mombasa. Baba alishikilia hadi kufa kwake kwamba wimbo ni wa Taita kama mlima Vuria. Siwezi kumwamulia mtu kesi hiyo. Ninachojua ni kwamba santuri ile ya baba, ile iliyofungwa kwa kanga, huenda nayo ilikuwa kopi, na nimejaribu kulichukia wazo hilo nikashindwa. Kopi ni kama magadi kwenye maharage. Kidogo hulainisha, ukizidisha unakula sabuni. Fadhili alitia kidogo. Baadhi ya hoteli za pwani, na mimi mwenyewe kwa miaka ishirini, tulimimina kopo zima.

Siku hizi Kitengela soko ni la mugithi. Mtu mmoja na gitaa, nyimbo za wazee wa Kikuyu zikiunganishwa bila kupumua, na wateja wanashikana viuno kwa mstari, kwa kuwa mugithi ni gari la moshi. Vijana wanasema ni mtindo mpya. Mimi nikiuona mstari ule ukizunguka meza naona mabehewa yakitoka ziwani kuelekea Konza, yamejaa unga mweupe, na sisi watoto tukikimbia pembeni hadi pumzi iishe. Mike Rua na Salim Junior walilijengea jina gari hilo kwa nyimbo ambazo nyingi wazee wa kabla yao ndio walizicheza kwanza.

Mwishowe binti yangu alinitafutia rekodi ya Equator kwenye simu. Nikaisikiliza ikiwa safi, bila mkwaruzo, kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Kabla ya ubeti wa pili nilishtuka. Palikuwa na midundo miwili ambayo sikuikumbuka kabisa. Gitaa linashuka pale, hatua mbili fupi, kama mtu anayetafuta neno. Nilidhani simu imekwama. Nikarudisha nyuma mara nne. Kumbe ndivyo wimbo ulivyo, mimi ndiye niliyekuwa nikiruka. Nikakumbuka kwamba hata kwenye ile ya hoteli, nikifika hapo, mkono wa kushoto ulikuwa ukiingia mapema, na wapiga ngoma wengi wamewahi kunikunjia uso.

Nilijifunza upya. Nimezima violini, nimepunguza sauti, midundo miwili nimeirudisha mahali pake. Yule mzee wa karibu na jiko sijamwona tena, ingawa kila mwisho wa mwezi nauanza wimbo nikimtafuta kwa macho.

Nina kijana ninayemfundisha kinanda, mtoto wa jirani, anafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo Athi River. Amekuwa akinisikiliza tangu akiwa mdogo. Juzi nilimwambia apige "Malaika" peke yake. Alianza vizuri, polepole, akafika mwisho wa ubeti wa kwanza, na midundo miwili ikamezwa.

"Mbona umeruka?" nikamuuliza.

"Nimeruka wapi, mzee? Si ndivyo inavyokwenda?"

Nikamwambia aendelee.